Akiwa upinzani deni ni haramu, akiingia serikalini ni halali. Kwa nini?

#1 Kahawa Tungu (Kibokoni)

Salaam wanabaraza. Swali hili limenishinda kwa watu wa mtaani, labda nyinyi mtaliweza.

Septemba 2022 Rais Ruto katoka kuapishwa tu, akatwambia nchi inaishi kupita uwezo wake na bajeti itapunguzwa bilioni 300. Tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza miaka kumi iliyopita naibu wa rais alikuwa nani. Mwaka 2013 deni la taifa halijafika trilioni 2. Mwaka 2022 lishapita trilioni 8.5. Haya, Machi 2023 wakateuliwa wale CAS 50, yaani wasaidizi wa mawaziri, mpaka mahakama ikasema uteuzi haufuati katiba.

Msinambie naegemea upande. Tazameni na wa pili. John Mbadi ni mhasibu, alikuwa kiongozi wa wachache bungeni na mwenyekiti wa ODM. Mwaka 2023 Azimio, muungano wa upinzani uliokuwa na ODM ndani, iliwatoa watu barabarani kwa sababu ya gharama ya maisha na Mswada wa Fedha. Agosti 2024 Mbadi akawa Waziri wa Fedha, na Desemba mwaka huohuo sheria za ushuru zikapita zikiwa na vipengele vilivyokuwemo katika Mswada wa Fedha wa 2024, ule ule vijana walioukataa Juni. Gavana wetu wa zamani naye, Joho, aliyekuwa hashikiki enzi za Jubilee, leo ni Waziri wa Madini.

Sasa, ni watu wanafiki tangu kuzaliwa, au kuna kitu wanakikuta ndani sisi hatukioni?

#2 Mtoto wa Tudor

Wanakuta gari na dereva. Uzi umefungwa, twendeni tukale viazi karai.

#3 Wakala wa Kilindini

Mtoto wa Tudor ngoja kwanza, viazi haviendi popote.

Mimi natoa mizigo bandarini, kwa hivyo nitaongea ninachokijua. Tulianza kuilipia reli kabla haijalazwa hata chuma kimoja: mwaka 2013 uliwekwa ushuru wa reli wa asilimia 1.5 kwa kila bidhaa inayoingia nchini. Mei 31, 2017 treni ikazinduliwa. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena yote ya Nairobi na bara yapande treni, hakuna lori. Mnakumbuka Mombasa ilivyokuwa. Kila Jumatatu maandamano. Madereva, makuli, wenye gereji Changamwe, akina mama wa chakula Miritini, wote kazi imesimama. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya hapa hapa Mombasa ikaifuta amri.

Kisha Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa, rais mpya anatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Tulicheza ngoma, sikatai. Lakini yeye alikuwa ndani ya serikali iliyotoa amri ile ya 2019.

Sasa sikilizeni jambo ambalo jukwaani halisemwi na upande wowote. Mizigo haikulazimishwa kupanda treni kwa chuki dhidi ya Mombasa. Kulikuwa na mkataba baina ya mamlaka ya bandari na shirika la reli kwamba bandari itatoa kiasi fulani cha mizigo, kisipofika ilipe tofauti. Mkataba huo ulikuwa sehemu ya dhamana ya mkopo wa Exim Bank ya China. Kwa hivyo aliyeahidi kurudisha mizigo barabarani hakuahidi nani atalipa pengo, na waliompinga hawakumuuliza. Unaona sasa? Ahadi ni ya leo, malipo ni ya mtu mwingine.

#4 Bi Sauda wa Kisauni

Asante Wakala. Huu ndio mchango, si wa viazi karai.

#5 Mzalendo wa Nyali

Nyinyi mnaongea kana kwamba kuna waziri anayeamka asubuhi akasema "leo nikope". Juni 2024 ilikuwa lazima tulipe Eurobond, yaani mkopo wa hati zinazouzwa kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyochukuliwa 2014. Shilingi ilikuwa imepita 160 kwa dola moja. Februari 2024 wakakopa dola bilioni 1.5, gharama juu ya asilimia 10, wakanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Ghali? Ghali sana. Lakini mlitaka nini? Tushindwe kulipa kama Zambia 2020 na Ghana 2022? Baada ya hapo shilingi ikarudi kwenye 130 hivi. Hata ungempa Kahawa Tungu wizara, angekopa.

Ukiwa nje unaona kima cha deni. Ukiwa ndani unaona tarehe ya kulipa. Si unafiki huo, ni kukua.

#6 Kahawa Tungu (Kibokoni)

@Mzalendo, kama ni kukua, mbona akitoka tena nje anarudi utotoni? Gachagua alipokuwa naibu alitetea Mswada wa Fedha wa 2023 kwa nguvu zote. Alipoondolewa Oktoba 2024, ghafla anajua hesabu za wananchi. Ndindi Nyoro aliongoza kamati ya bajeti bungeni mpaka mapema 2025. Kutoka tu, kawa mkosoaji mkubwa wa mikopo. Kukua gani huku kwa kwenda na kurudi kama feri ya Likoni?

#7 Mkunazi

Shida kubwa ni Bunge. Mwaka 2019 waliweka kikomo cha deni trilioni 10 na hakuna aliyelala njaa siku hiyo.

#8 Mwanahesabu

@Mkunazi rekebisha hapo. Oktoba 2019 kikomo kiliwekwa trilioni 9. Kumi ilikuja Juni 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi. Na 2023 wakaachana kabisa na tarakimu ya shilingi, wakasema deni lisizidi asilimia 55 ya Pato la Taifa kwa thamani ya sasa. Katikati ya 2023 deni lishapita trilioni 10. Yaani ukuta ulipofikiwa ulisogezwa, kisha ukageuzwa kuwa asilimia ambayo mtu wa kawaida hawezi kuikagua kwa kikokotoo cha simu.

Naomba niongeze maelezo yangu, maana naona hapa watu wanatafuta tabia ya mtu na mimi naona karatasi. Juni waziri anasoma bajeti. Anataka nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, ionekane ndogo, basi anakisia ushuru utakaokusanywa kwa moyo mweupe kupita kiasi. Wakopeshaji wanafurahi, magazeti yanaandika "nakisi imepungua". Miezi inapita, ushuru haufiki makadirio, matumizi yako palepale. Inaletwa bajeti ya nyongeza, wakati mwingine mbili au tatu kwa mwaka mmoja, na nakisi inapanda bila kelele. Tena kifungu cha 223 cha Katiba kinaruhusu serikali kutumia kwanza na kuomba idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili, mradi isizidi asilimia 10 ya kilichopitishwa mwaka huo. Kiliwekwa kwa ajili ya dharura. Siku hizi dharura zina ratiba.

Kwa hiyo kila mwaka mkoba wa Juni unazungumzwa wiki nzima, na bajeti ya nyongeza hamuijui ilisomwa lini. Mwanasiasa naye anajua mnatazama wapi.

#9 Mtoto wa Tudor

"Dharura zina ratiba." Hii naiba, naweka status.

#10 Mama Vifaa

Mimi nasoma tu siku zote lakini leo nitasema, maana mnaongea nakisi kama kitu cha Nairobi.

Nilipata tenda kwa kaunti moja ya hapa pwani, siitaji. Magodoro ya hospitali, shuka, glavu. LPO, ile hati ya kuagiza bidhaa, ninayo, risiti ya kupokelewa ina muhuri na saini ya stoo. Nilipeleka mzigo wote mimi mwenyewe na pikapu yangu, vijana wawili wakishusha, mwenye stoo anahesabu godoro moja moja anaweka alama kwa kalamu ya rangi. Hakuna hata moja lililorudishwa. Nikaambiwa subiri mgao wa Nairobi ufike. Mgao ukafika, nikaambiwa mishahara kwanza. Uchaguzi ukaja, utawala ukabadilika, aliyeingia akasema amerithi madeni hewa, ikaundwa kamati ya kukagua. Nikapeleka faili. Kamati ikamaliza kazi, ikaundwa nyingine. Karani ananiita mama, ananipa kiti, ananiambia "iko kwa system". Kila nikienda iko kwa system. Benki haina system, ilikuja ikachukua pikapu.

Wakati huo huo gavana huyo anahojiwa kwenye redio anasema amebana matumizi na kaunti yake haina nakisi. Ni kweli kwenye karatasi haina. Nakisi yake iko sebuleni kwangu.

Tena aliyemtangulia, ambaye ndiye aliyeniacha na deni, sasa anamlaumu huyu kwa kutolipa wazabuni. Nilimsikia kwa masikio yangu.

#11 Bi Sauda wa Kisauni

Pole mwanangu. Hii imenichoma.

#12 Wakala wa Kilindini

Pole Mama Vifaa. Na hii ndiyo sehemu wasiyoitaja katika trilioni zao. Deni la muuzaji halina riba wala Eurobond, halipandishi dola, basi ndilo la mwisho kulipwa. Kukopa kwa China ni lazima utie saini. Kukopa kwa Mama Vifaa ni kunyamaza tu.

#13 Mstaafu wa Makadara

Salaam alaykum. Nimekaa serikalini enzi za marais watatu, acheni niwacheke kidogo.

Juni 2009 Uhuru Kenyatta ni Waziri wa Fedha. Akasema magari makubwa ya serikali yarudi, mawaziri wapande gari la injini isiyozidi cc 1800. Zikanunuliwa Volkswagen Passat. Picha zikapigwa, waziri fulani kajikunja nyuma na tumbo lake. Mlikuwa mnafurahi kweli kweli. Baada ya muda fueli za Prado zilikuwa palepale, na Passat tukawa tunaziona zimeegeshwa tu zinaota vumbi. Machi 2014, sasa ni rais, akatangaza yeye na naibu wake wapunguziwe mshahara asilimia 20 na mawaziri asilimia 10. Makofi tena. Mwaka huohuo ndio ikachukuliwa ile Eurobond ya bilioni 2 anayoitaja Mzalendo.

Maelezo yangu ni kwamba kubana matumizi ni mchezo wa kuigiza ambao watazamaji ni sisi. Wanakata kinachoonekana: chai, magari, safari, maua. Riba haina sura, haipigwi picha. Sasa hivi riba peke yake ni zaidi ya trilioni moja kwa mwaka. Chai ya afisini ukiikata milele huwezi kulipia wiki ya riba hiyo.

#14 Kijana wa Likoni

Mzee heshima yako, lakini "tulikuwa tunafurahi" ni nyinyi. Sisi Juni 2024 hatukufurahi, tulikuwa Moi Avenue macho yanawaka moshi. Mswada ukarudishwa bila kutiwa saini. Wakasema kuna pengo la bilioni 346, basi Julai 5 rais akatoa orodha: mashirika 47 ya umma yavunjwe, afisi za mke wa rais na mwenza wa naibu zisipewe bajeti, washauri wapunguzwe nusu, safari zisizo za lazima zisimamishwe.

Swali langu ni moja. Kama vyote hivyo vingeweza kukatwa Julai, kwa nini Mei walitwambia hakuna mahali pengine pa kupata pesa ila mkate na mafuta ya kupikia? Hapo sikubali neno kukua.

Na kama kuna mtu hapa ana orodha ya mashirika yaliyokwisha kufungwa kati ya yale 47, ailete na tarehe.

#15 Mzalendo wa Nyali

@Kijana, shirika la umma halifungwi kwa hotuba. Lina sheria yake, wafanyakazi, madeni, kesi. Ukilivunja leo utalipa viinua mgongo kwanza, kwa hivyo mwaka wa kwanza matumizi yanapanda.

#16 Kijana wa Likoni

Sawa. Basi aliyetangaza alikuwa hajui hilo au alijua? Chagua moja.

#17 Mtoto wa Tudor

Mzalendo kapotea, tupigeni mbiu.

#18 Baharia wa Baltimore

Wana Mombasa, nawasoma kutoka ugenini. Msidhani ni ugonjwa wa Kenya. Huku Marekani bajeti ilikuwa na ziada kuanzia 1998 mpaka 2001, Clinton na Bunge la wapinzani wake wote wanadai ni kazi yao. Akaja Bush, akapunguza ushuru 2001 na 2003, akapigana vita mbili, chama chake kimya. Obama alipoingia 2009 nakisi ikapita dola trilioni 1.4 kwa sababu ya mdororo wa uchumi, na wale wale waliokuwa kimya wakagundua kwamba wajukuu wao wanarithishwa deni. Mwaka 2011 wakakataa kupandisha kikomo mpaka dakika za mwisho, nchi ikashushwa daraja la uwezo wa kulipa madeni na shirika la S&P. Trump kaja, 2017 ushuru ukapunguzwa, nakisi ya 2019 ikakaribia trilioni moja kabla ya korona. Wajukuu wakasahauliwa. Julai 2025 wakapitisha sheria ambayo afisi ya bajeti ya Bunge lao inasema itaongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka kumi, na kikomo kikapandishwa trilioni 5 kwa mpigo.

Democrats nao si malaika. 2021 walitumia trilioni 1.9, na leo wao ndio wanaohesabu deni kwenye runinga.

#19 Mkunazi

Tumetoka Changamwe tumefika Washington. Nani dereva wa uzi huu?

#20 Mwanahesabu

Baharia mfano ni mzuri ila una tofauti moja kubwa. Wao wanakopa kwa sarafu wanayoichapa wenyewe na dunia nzima inaitaka. Mwanasiasa wao akiwa mnafiki gharama inachelewa kuonekana. Wa kwetu akiwa mnafiki gharama inaonekana pale feri inapopandisha nauli kwa sababu ya mafuta, maana nusu ya deni hivi ni la nje na linalipwa kwa fedha za kigeni.

#21 Bi Sauda wa Kisauni

Mwanahesabu na hili la feri umelitoa wapi? Mtu wa miguu hapo Likoni halipi kitu.

#22 Mwanahesabu

Nilisema kwa jumla, bibi. Weka matatu mahali pa feri.

#23 Bi Sauda wa Kisauni

Basi weka matatu tangu mwanzo.

Kuhusu hoja ya uzi. Mimi ni mwalimu mstaafu na nitasema msilolitaka. Mbunge akija Kisauni tunamuuliza umefanya nini. Akijibu "nimepunguza nakisi" nani atampigia kura? Tunataka basari, msikiti umalizwe, mabati ya kikundi, nauli ya kurudi nyumbani. Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Mwanamke anapokea leso ya mgombea huku anamlaani anayeiba pesa za umma. Wanasiasa wamesoma mitaala yetu.

#24 Kijana wa Likoni

Mwalimu, kwa heshima, hiyo leso ni shilingi mia ngapi? Usiwaweke mzani mmoja na mtu anayekopa mabilioni. Maskini anapokea kwa sababu hospitali haina magodoro. Muulize Mama Vifaa kwa nini haina.

#25 Bi Sauda wa Kisauni

Sikuwaweka mzani mmoja. Nimesema soko lina pande mbili.

#26 Nazi Mbili (Bamburi)

Nimechelewa kuingia. Mbona hakuna aliyetaja wanaoikopesha serikali humu ndani? Karibu nusu ya pili ya deni hilo ni la hapa nchini. Benki, mifuko ya pensheni, sako, bima. Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, tena haikatwi ushuru. Benki gani ingemkopesha mwenye gereji Changamwe wakati serikali ilikuwa inatoa 18 bila jasho? Wanafiki si wanasiasa peke yao. Wanaolia deni ni kubwa na kila mnada wako foleni ni walewale.

#27 Bi Sauda wa Kisauni

Mimi ninayo hiyo. Niliinunua kwa simu, na kiinua mgongo changu.

#28 Mtoto wa Tudor

Hahahaha! Mwalimu! Kumbe ushuru wangu wa mafuta unakuja kwako kila miezi sita!

#29 Bi Sauda wa Kisauni

Na asante sana, unasaidia. Ulitaka niiweke wapi? Nimpe ndugu yangu afungue duka la simu?

#30 Mstaafu wa Makadara

Mwalimu yuko sawa. Lakini hapo ndipo penye fundo: serikali ikipunguza deni kweli, mwalimu atakosa 18 yake. Ikikata matumizi, mzabuni halipwi. Ikipandisha ushuru, Kijana anarudi Moi Avenue. Kila mtu anataka nakisi ipungue upande wa jirani. Hapo mwanasiasa anaweza kusimama popote akapata makofi.

#31 Kahawa Tungu (Kibokoni)

Mzee, maelezo hayo yanawasamehe haraka mno. Mwalimu hakuahidi kupunguza deni. Mama Vifaa hakuapa kwa katiba. Aliyeahidi ndiye aulizwe.

#32 Wakala wa Kilindini

Na kuna hili jipya. Julai 2024 ushuru wa kutunza barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta. Zile 7 za juu ndizo zikauzwa mapema kwa wawekezaji ili zipatikane bilioni 175 za kulipa wakandarasi wa barabara. Serikali inasema si deni, ni kuuza mapato yajayo. Upinzani unasema ni deni lililovaa buibui. Nitasubiri nione upinzani huo ukiingia 2027 kama utaurudisha kuwa 18.

#33 Mama Vifaa

Ngoja. Kwa hiyo waliodai barabara wamelipwa kwa mafuta ninayonunua mimi, na mimi niliyepeleka magodoro sijalipwa?

#34 Wakala wa Kilindini

Ndiyo. Barabara ina ushuru wake, godoro halina.

#35 Mzalendo wa Nyali

@Mama Vifaa, tukiacha siasa: deni la kaunti lililokaguliwa likakubaliwa lazima liwe kwenye orodha ya madeni inayopelekwa kwa Msimamizi wa Bajeti. Ripoti zake ni za wazi. Angalia jumla ya kaunti hiyo imepanda au imeshuka tangu ulipopeleka faili, kisha uandike barua kwa afisa mhasibu ukidai jibu la maandishi kama deni lako limekubaliwa au limekataliwa. Usikubali tena la mdomo.

#36 Kijana wa Likoni

Mzalendo karudi na leo kaleta cha maana. Ila swali langu la #16 liko palepale.

#37 Mama Vifaa

Nashukuru Mzalendo. Barua iandikwe kwa jina langu au la kampuni? LPO ilitoka kwa jina la kampuni lakini akaunti ya benki ni yangu.

#38 Mwanahesabu

La kampuni, na ambatisha nakala ya risiti ya stoo, si ya LPO peke yake. LPO inaonyesha waliagiza, muhuri wa stoo unaonyesha walipokea. Wakikataa deni, watakata hapo.